Herufi Mbili Kisogoni

Walimwita Mistari, na aliyempa jina hilo hakukosea. Akishika kitana chenye mkia na kuugawa utosi wa mtu, ule mgao ulinyooka hata ungedhani kauchora kwa rula. Kwa miaka ishirini na miwili alisuka kwenye baraza ile ile, mbele ya duka la fundi saa. Alikuwa na viti viwili vya plastiki, kioo chenye ufa pembeni, ndoo ya bati ya maji ya moto ya kuchovyea ncha za rasta, na msumari ukutani unaoning'iniza daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Daftari hilo ndilo lililomtenga na wasusi wengine wa mtaa ule. Kila kichwa kilichokaa mbele yake alikiandika: jina, tarehe, aina ya msuko, idadi ya mistari, na neno moja la kukumbukwa. "Kidonda nyuma ya sikio la kushoto, usivute." "Anasinzia, mshike shingo." "Katoka kujifungua, nywele za mbele zinapukutika, legeza mkono." Wenzake walimcheka, wakasema hata Muumba mwenyewe hahesabu nywele kwa bidii ile. Aliacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki, na alichoondoka nacho ni mwandiko mzuri. Hakutaka upotee bure.

Habari ya sheria ililetwa na kichwa. Mpiga taipu wa serikali alikuja Jumatatu asubuhi kusuka mistari kumi na minane, na kwa kuwa kukaa chini ya mkono wa msusi ni kazi ya saa nzima na ushei, alikuja na kitu cha kusoma: muswada wa huduma za urembo, uliokuwa njiani kwenda bungeni. Alikuwa ameitaipu nakala yake kama siri ya ofisi, akaona haya kunyamaza. Alisoma hadi kifungu cha kumi na nne, kinachosema kila anayehudumia nywele za watu atatakiwa kuwa na cheti cha chuo na uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu. Asiye navyo atafungiwa shughuli.

Mkono wa Mistari ulisimama katikati ya msuko.

"Rudia hapo," akasema.

"Cheti cha chuo na uzoefu."

"Na?"

"Na."

Uzoefu alikuwa nao wa kutosha kugawa. Cheti hakuwa nacho, na chuo kilitaka aliyemaliza kidato cha nne, akae darasani miaka miwili mchana kutwa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Aliendelea kusuka, lakini mpiga taipu alisema baadaye kwamba siku ile mistari ilivutwa kidogo.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa akiuza vitambaa duka la pili kutoka pale, na hakuna neno lililopita mtaani bila kulipa ushuru kinywani mwake. Alikuja akiwa ameshika mkasi, akasikiliza, akacheka.

"Ndiyo dunia hiyo, wifi. Mwenye cheti ni mwanangu. Utakuja kumwomba nafasi ya kufagia nywele."

Ni kweli binti yake alikuwa amehitimu chuo cha urembo mwaka uliopita, na cheti kilitundikwa sebuleni juu ya televisheni, mahali ilipokuwa picha ya harusi ya wazazi wake. Mistari hakukasirika, alimwomba tu mpiga taipu asome mara ya tatu, polepole. Kisha akamuuliza wifi yake binti ana miaka mingapi ya kazi. Wifi akajibu miezi minane. Akamuuliza hiyo miaka miwili na miezi minne iliyobaki ataipata wapi, kama sheria inamkataza kushika kichwa cha mtu mpaka awe ameshaipata.

Wifi akaufungua mkasi, akaufunga, akarudi dukani kwake.

Hesabu ilikuwa nyepesi na ya ajabu. Wenye mikono wangefungiwa kwa kukosa karatasi, na wenye karatasi wangefungiwa kwa kukosa mikono. Wangebaki wenye saluni za vioo, ambao mji mzima hawakufika kumi. Mistari hakuona ubaya wa sheria yenyewe. Alikuwa amewahi kuwaona watu waliounguzwa ngozi kwa dawa za kulainisha. Alichotaka ni neno moja. Palipo "na", pakae "au".

Alianza kwa njia aliyoijua, na ndipo alipokosea. Alikaa siku tatu akaandika barua sitini kwa mkono wake, zote za maneno yale yale, hazina doa wala neno lililokatwa. Wasusi wa mitaa mitatu walitia sahihi, kila mmoja yake. Alizifunga kwa uzi wa kusukia, akazipeleka kwenye ofisi ya mbunge, ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa.

Katibu wa mbunge alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu. Alifungua uzi, akapekua barua ya kwanza, ya pili, ya kumi, akalinganisha. Hakuwa na dharau. Alikuwa na utaratibu, jambo ambalo ni gumu zaidi kugombana nalo.

"Mama, mwandiko mmoja, maneno yale yale," akasema. "Hii ni barua moja yenye nakala hamsini na tisa."

Akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye rejista ya barua zilizoingia: moja.

Mistari alishuka ngazi akijikasirikia, kwa kuwa alidhani usafi wa kazi ndio nguvu yake. Alipofika ngazi ya mwisho alikuwa anamkasirikia katibu, akaona hasira hiyo ya pili ina faida zaidi. Akageuka, akapanda tena. Mlangoni palikuwa na tangazo alilolipita mara mbili bila kulisoma: Mheshimiwa huonana na wananchi kila Ijumaa, saa tatu hadi saa sita, mwananchi mmoja mmoja, dakika tano. Alitoa daftari, akalinakili neno kwa neno. Maneno "mmoja mmoja" akayapigia mstari.

Ijumaa hiyo wasusi sitini walipanga foleni kuanzia mlango wa duka la dawa hadi kona ya kituo cha maji. Katibu alitoka akawaomba wachague mwakilishi, maana jambo lao ni moja. Mistari akamwonyesha tangazo lake mwenyewe. Katibu alilisoma kana kwamba limeandikwa na adui, kisha akaanza kugawa namba.

Usiku uliotangulia Mistari alikuwa amewapa wenzake sharti moja. Asiende mtu kukariri. Kila mmoja aseme lake kwa mdomo wake, mradi amalizie kwa neno "au". Basi mbunge alisikia ambayo hakuwahi kuyasikia. Mmoja alimweleza jinsi anavyojua mteja ana homa kwa kugusa utosi kabla mwenyewe hajajijua. Mwingine alimuuliza mke wake husukwa na nani, na kama amewahi kumdai cheti. Msusi bubu wa mtaa wa chini alikaa kitini, akamnyooshea viganja vyenye sugu, akakaa hivyo dakika tano kamili. Kisha akaandika herufi mbili kwenye vumbi la meza, akatoka. Binti wa wifi aliingia na cheti chake kikiwa ndani ya fremu, akakiweka mbele ya mbunge, akasema, "Mheshimiwa, hiki ninacho. Sasa niambie nitasuka nani."

Siku hiyo waliingia thelathini na sita. Ijumaa ya pili waliingia ishirini na wanne waliobaki, na walipokwisha, wa kwanza wakaanza upya. Ijumaa ya tatu mbunge mwenyewe alitoka ukumbini, akaona foleni imefika tena kona, akamwita Mistari pembeni. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, aliyezoea kupendwa.

"Mama, hivi mtakwisha lini?"

"Nywele huota, Mheshimiwa," Mistari akajibu. "Na sisi ndivyo tulivyo."

Mbunge akamkaribisha ndani, akafunga mlango. Alisema ameguswa sana. Alisema mtu mwenye historia kama yake hastahili kusumbuliwa, na kwamba anamfahamu mkuu wa chuo. Cheti cha heshima kinaweza kupatikana kabla sheria haijapita, chake yeye, na binti wa wifi yake akatafutiwa nafasi kwenye saluni moja nzuri. Jambo likaisha vizuri, bila vumbi.

Mistari alikaa akaitazama karatasi ile mawazoni. Angekuwa mwongo kama angesema hakuiona ikining'inia kwenye msumari wake, kando ya daftari. Kiti chake kingebaki barazani. Kisha akaikumbuka foleni iliyokuwa nje ya mlango, na yule bubu na viganja vyake.

"Mimi nimekuja na neno, Mheshimiwa. Sikuja na jina," akasema, akasimama.

Alipomsimulia wifi yake, wifi alishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema kuna watu Mungu huwapelekea embe limemenywa wakadai kisu. Lakini jioni hiyo hiyo alifunga duka mapema, akaja barazani na kiti chake.

Wiki iliyofuata barua ilikuja kutoka kwa mbunge. Kamati ya bunge ingesikiliza maoni ya wananchi kuhusu muswada, naye amewaombea nafasi: msemaji mmoja, na watazamaji ishirini. Nyuma ya barua palichapwa masharti. Mabango hayaruhusiwi. Nguo zenye maandishi haziruhusiwi. Watazamaji hawaruhusiwi kusema, kupiga makofi wala kuimba. Binti wa wifi alisema hapo ni sawa na kuambiwa waje wakiwa wamekufa. Mistari aliyasoma masharti mara nne, kama anavyotafuta mba kichwani, mstari kwa mstari. Akacheka peke yake.

"Hawajakataza kichwa," akasema.

Alhamisi mchana, siku moja kabla ya kikao, walijifungia dukani kwa wifi, kati ya majora ya vitambaa, wakasukana. Kila mmoja wa wale ishirini alisukwa mistari ya kawaida mbele, na nyuma, kisogoni, herufi mbili kubwa. U ilikuwa nyepesi. Ni msuko mmoja unaoshuka na kupanda. A ndiyo iliyowatoa jasho, maana ule mwamba wa katikati ulikuwa unateleza kushuka, na kichwa cha kwanza kilisomeka kama ngazi iliyoanguka. Kikafumuliwa, kikaanzwa upya. Binti wa wifi ndiye aliyepata dawa: chuoni walifundishwa kupima fuvu kwa uzi kabla ya kugawa. Mistari akajifunza hapo hapo, na akaandika daftarini kuwa amejifunza.

Walipofika kumi na tisa, wa ishirini hakuwapo; mtoto wake alikuwa mgonjwa. Ndipo wifi akavua kilemba ambacho kwa miaka sita hakuwahi kukivua mbele ya mtu. Nywele zake zilikuwa zimenyonyoka katikati, zimebaki kama bustani iliyokimbiwa. Hakuna aliyecheka.

"Andika herufi ndogo," akasema. "Uwanja hautoshi."

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu iliyopinda kama kiatu cha farasi, chupa za maji, na vipaza sauti vyenye taa nyekundu. Askari wa mlango alipekua mikoba, akatazama nguo, akaona wanawake ishirini waliojifunga vilemba kwa heshima, akawapitisha. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye upara unaong'aa. Wakili wa saluni kubwa alizungumza kwanza kuhusu viwango na usalama, akazungumza vizuri. Kisha taa ikawaka mbele ya Mistari.

Alisema alichokuja kusema kwa dakika nne. Mjumbe mmoja, aliyekuwa akichezea kifuniko cha chupa, akamuuliza kwa tabasamu kama kweli wamesafiri wote hawa kwa ajili ya kuondoa "na" na kuweka "au". Si vineno vidogo tu?

"Mheshimiwa," Mistari akasema, "tangu umezaliwa, mtu akisitasita, watu humwambia nini? Suka au nyoa. Umewahi kusikia akiambiwa suka na nyoa? Kichwa kimoja hakisukwi na kunyolewa. Sheria hii inataka tufanye vyote viwili kwenye kichwa kimoja."

Kicheko kilianzia kwa makarani kikapanda hadi meza kuu. Mwenyekiti alipapasa upara wake akasema yeye alishachagua zamani. Lakini Mistari alimwona akiandika.

Wakili akaomba kuuliza. Cheti kinaonekana, huo uzoefu utathibitishwaje, kwa maneno? Mistari akainama, akatoa mkobani madaftari kumi na moja, akayapanga mezani. Miaka ishirini na miwili, vichwa elfu tisa mia nne na sita. Wakili akaomba asome majina machache ili yahakikiwe.

"Idadi nitakupa, tarehe nitakupa, idadi ya mistari nitakupa," Mistari akajibu. "Majina sisomi. Humu kuna vidonda vya watu."

Mbunge wake, aliyekaa mwisho wa meza, aliinamisha uso. Mama yake mzazi aliandikwa humo mara thelathini na moja, na mbunge alijua.

Mwenyekiti akamuuliza wenzake wana maoni gani. Mistari akasema wamekatazwa kusema, nao ni watu wa kutii sheria. Maoni yao wamekuja nayo hivyo hivyo. Akawaashiria kwa kichwa. Wanawake ishirini walisimama kimya, wakavua vilemba, wakaipa kamati mgongo. AU, AU, AU, kisogo baada ya kisogo, hadi cha mwisho, kidogo, chenye herufi zilizobanana kama mbegu mbili. Askari wa mlango alichukua karatasi ya masharti, akaisoma, akaigeuza nyuma, akairudisha mfukoni.

Baada ya wiki mbili mbunge alifika barazani kwa miguu yake, na katibu, na mpiga picha. Mtaa ulikusanyika. Alikuwa ameshika muswada uliochapwa upya, akatangaza kuwa sauti yao imesikika, na akamwomba Mistari asimame naye kwa picha ya kumbukumbu. Mikono ya Mistari ilikuwa na maji. Aliifuta, akapokea karatasi, akatafuta kifungu cha kumi na nne. Kilisema: cheti cha chuo na/au uzoefu.

"Huu mkwaju hapa katikati ni wa nini?"

Mbunge akaeleza kwamba ndiyo njia ya kumridhisha kila mtu. Saluni kubwa nazo zina watu wake. Wifi akamnong'oneza apokee tu, watu wamechoka, nusu shari ni heri kuliko shari kamili. Walikuwa wamefunga vibanda Ijumaa baada ya Ijumaa, na Mistari alijua nani anaumia.

Hata hivyo akatikisa kichwa.

"Mkaguzi akiamka vizuri atasoma au. Akiamka na mkewe kamnunia atasoma na. Huu ni mlango wenye funguo mbili, Mheshimiwa, na zote umempa yeye. Sisimami kwenye picha hii."

Mbunge alisema kamati imeshamaliza kazi yake. Katibu akakohoa. Kwa sauti ile ile aliyohesabia barua moja, akasema kanuni zinamruhusu mbunge yeyote kuleta marekebisho kwa mkono wake kabla ya muswada kusomwa mara ya mwisho, na kwamba fomu anayo kwenye mkoba. Mbunge alimtazama kama mtu aliyeumwa na kiatu chake mwenyewe.

Mistari aliivuta kalamu kwenye msumari, uzi na vyote, akamnyooshea.

"Suka au nyoa, Mheshimiwa."

Mbunge aliandika akiwa amesimama, fomu ikiwa juu ya mgongo wa kiti cha plastiki, na mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa ikiwa imesukwa na nusu imesimama, akiinama asimsukume. Hiyo ndiyo picha iliyopigwa. Mistari haonekani ndani yake isipokuwa mkono.

Siku ya kura fundi saa aliwasha redio kwa sauti kubwa. Marekebisho yalipita kwa tofauti ya kura nne tu. Mistari alisikia akiwa kwenye mstari wa kumi na mmoja, akaumaliza, akachovya ncha kwenye maji ya moto, kisha ndipo akafuta mikono na kufungua daftari. Aliandika tarehe, akaandika: "Kifungu cha 14. Herufi mbili. Kimenyooka."

Wifi alikuja, akavuta kiti cha pili, akavua kilemba. Zile herufi zilikuwa zimeota na kuchakaa, A imeanza kulala ubavu.

"Haya, nifumue sasa. Kichwa kinawasha kama nimelalia siafu."

Mistari alikishika kile kisogo, akakitazama, akakipaka mafuta taratibu.

"Vumilia kidogo, wifi," akasema. "Kanuni za wakaguzi hazijaandikwa bado."